Msongo, kizimba na unga: maabara inatuambia nini Zanzibar

Kuna kisa kinachozunguka katika makundi ya WhatsApp, na hapa Unguja nimeletewa mara kadhaa na watu wenye nia njema kabisa. Kisa ni kifupi. Mwanasayansi mmoja wa Kanada aliwajengea panya pepo yao ndogo, akawawekea chupa mbili, moja ya maji na moja ya maji yenye mofini, dawa inayolevya ya jamii moja na heroini, na panya wale wakaipuuza chupa ya mofini. Wenzao waliofungiwa peke yao wakainywa mpaka wakafa. Baada ya hapo huja hitimisho, kwa kawaida kwa herufi kubwa: tatizo si dawa za kulevya, tatizo ni upweke.

Nusu ya kisa hiki ni kweli, na nusu yake nyingine imechanganywa na habari za majaribio mengine. Hoja yangu ni kwamba majaribio yaliyofuata, ya miaka arubaini na ushei, yametupa kitu bora zaidi kuliko kisa chenyewe. Yameonesha kwamba kinachomsukuma mnyama kwenye dawa si ugumu wa maisha peke yake, wala upweke peke yake, bali ni kukosa mamlaka juu ya yanayompata na kukosa mlango mwingine wa kuuendea. Na kwamba mazingira mazuri yanayotolewa kwa muda na kisha kukatwa yanaweza kumwacha mnyama pabaya kuliko alipokuwa. Kwa visiwa ambavyo vimeweka matumaini makubwa katika nyumba za upataji nafuu, yaani soba hausi kama tunavyoziita mitaani, jambo hili la mwisho linatuhusu moja kwa moja.

Tuanze na kilichofanyika hasa. Mwaka 1962, nchini Marekani, James Weeks alieleza njia ya kumtia panya mrija mwembamba katika mshipa, ili kila akibonyeza wenzo ajidunge mwenyewe mofini. Njia hiyo ilienea katika maabara nyingi, na matokeo yake yalitisha: panya na kima walijidunga bila ya kulazimishwa na mtu. Wengi wakatoka na imani kwamba dawa ikishamgusa kiumbe imekwisha kumteka, na kwamba hakuna zaidi cha kuuliza. Bruce Alexander na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, ndio waliouliza swali ambalo leo linaonekana la wazi: hawa panya wanaobonyeza wenzo, wana kitu gani kingine cha kufanya? Panya ni mnyama wa kundi, mchimbaji, mpandaji, mwenye kupenda kunusa na kuzurura, na maabara ilikuwa imemweka peke yake ndani ya sanduku la waya.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 walijenga boma la mbao lenye eneo la mita za mraba 8.8, takriban mara 200 ya ukubwa wa kizimba cha kawaida, wakatandaza vumbi la mbao na kuweka makopo ya kujifichia, na wakaweka panya majike na madume pamoja. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1978 na 1981, yalionesha kwamba waliofungiwa peke yao walikunywa mofini nyingi zaidi kuliko waliokuwa bomani. Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Ama wale waliokufa, hao ni wa jaribio jingine lililochapishwa mwaka 1985 na Michael Bozarth na Roy Wise, ambao waliwapa panya nafasi isiyo na ukomo ya kujidunga: ndani ya siku 30 walikufa asilimia 90 ya waliokuwa na kokeini na asilimia 36 ya waliokuwa na heroini. Hao walikuwa na sindano mshipani, si chupa ya kunywa, na hawakuwa sehemu ya utafiti wa Alexander hata kidogo. Anayeyaunganisha majaribio haya mawili anapata hadithi tamu, lakini ni hadithi aliyoitunga yeye.

Na hata nusu ya kweli ina nyufa. Mofini ni chungu, kwa hiyo ilitiwa sukari, na mtu ana haki ya kuuliza kama panya wa bomani walikataa ulevi au walikataa uchungu. Kiasi kilichonywewa kilipimwa kwa namna moja bomani na kwa namna nyingine vizimbani. Mwaka 1996 Bruce Petrie alijaribu kusawazisha vipimo na kurudia, na hakuyapata matokeo yale. Akaona huenda hata aina ya panya ilikuwa imebadilika katika miaka ile. Sisemi hivi ili kumtupa Alexander. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jaribio lake, na waliolichukua swali wakalifanyia kazi kwa vipimo makini zaidi ndio wanaostahili kusomwa.

Jaribio ambalo mimi naliona ndilo kiini cha mambo halina boma wala pepo. Mwaka 1994, huko Louisiana, Nick Goeders na Glenn Guerin waliwapanga panya watatu watatu. Wa kwanza alikuwa akibonyeza wenzo kutafuta chakula, na mara nyingine kubonyeza kwake kulimletea shoti ya umeme miguuni. Wa pili alipigwa shoti ile ile, kwa nguvu ile ile na kwa wakati ule ule, isipokuwa yeye hakuwa amefanya lolote lililoileta, ilimjia tu. Wa tatu hakupigwa kabisa. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujidunga kokeini, wakianzia dozi ndogo sana. Aliyeanza kujidunga kwa dozi ndogo ambayo wenzake hawakuijali alikuwa yule wa pili.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Maumivu ya panya wa kwanza na wa pili yalikuwa sawa. Kama ugumu wa maisha ndio unaompeleka kiumbe kwenye dawa, wawili hawa walipaswa kwenda pamoja. Kilichowatenganisha ni kwamba kwa mmoja shoti ilikuwa na uhusiano na kitendo chake, angeweza kuitarajia na kupima kama chakula kinastahili hatari ile, na kwa mwingine ilikuwa ni bahati mbaya isiyo na mlango wa kuingilia wala wa kutokea.

Sisi tumezoea kusema kwamba vijana huingia katika unga, yaani heroini, kwa sababu ya umasikini, na mwingine hujibu, kwa haki, kwamba babu zetu walikuwa masikini zaidi na hawakutumia unga. Panya wa Louisiana wanatoa jibu ambalo pande zote mbili hazikulifikiria. Mvuvi anayekwenda dago, kambi ya wavuvi, hulala juu ya mchanga, hula vibaya, na bahari humrudisha mikono mitupu. Lakini anaujua mwezi, anajua bamvua na maji mafu, na akikosa leo anajua amekosa kwa nini. Kijana aliyemaliza skuli na sasa anasubiri simu ya hoteli ya pwani itakayomwita msimu ukianza, bila ya kujua utaanza lini, wala kwa nini mwaka jana aliachwa na mwenzake akachukuliwa, huenda anakula vizuri zaidi kwa mama yake kuliko mvuvi yule. Bado yeye ndiye aliye katika nafasi ya panya wa pili. Sidai kwamba mlinganisho huu umepimwa na mtu. Nadai tu kwamba unatupa swali la kuuliza lililo zuri kuliko lile la nani masikini zaidi.

Kwamba msongo ni jambo la mwilini na si la mawazo tu, hilo halina ubishi tena. Panya akibanwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotikosteroni, ambayo kwa binadamu nafasi yake inashikwa na kotisoli, na homoni hiyo huifanya njia ya dopamini ubongoni, kemikali inayohusika na hamu na raha, iitikie dawa kwa nguvu zaidi. Pier Vincenzo Piazza na Michel Le Moal, wa Bordeaux, Ufaransa, walionesha tangu mwaka 1989 kwamba unaweza kutabiri ni panya yupi atakayejifunza upesi kujidunga amfetamini kwa kumtazama tu anavyohangaika akiwekwa mahali pageni. Njaa nayo hufanya kazi kama hiyo: Marilyn Carroll na wenzake waliripoti mwaka 1979 kwamba panya waliopunguziwa chakula walitumia dawa zaidi, iwe kwa kunywa au kwa mshipa. Jambo hilo lina aibu yake kidogo, kwani panya wa maabara wengi huwekwa na njaa makusudi ili wajifunze haraka kubonyeza wenzo.

Sasa nije kwenye upweke, ambao ndio moyo wa kisa cha WhatsApp. Tatizo lake kwetu ni kwamba hautuingii. Teja wa Zanzibar si panya aliyefungiwa peke yake. Nyumba ina bibi, ina shangazi, ina wadogo zake watano, na nje pana maskani ambako hakukosi watu tangu asubuhi mpaka usiku wa manane. Ndiyo maana wazee wetu wakisikia kwamba dawa ya uraibu ni jamii hutikisa vichwa, kwa kuwa jamii ipo, tena imejaa mpaka ukumbini.

Jibu linatoka kwa kima. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, Drake Morgan, Michael Nader na wenzao walichapisha utafiti wa kima 20 wa aina ya makaka. Kwanza kila mmoja aliishi peke yake, na picha za ubongo zikapigwa. Kisha wakawekwa wanne wanne, nao kama ilivyo ada ya kima wakapangana: yupo bwana, wapo wa kati, na yupo wa chini kabisa anayepokonywa chakula na kusukumwa pembeni. Miezi mitatu baadaye picha zikapigwa tena. Kwa mabwana, vipokezi vya dopamini vya aina ya D2, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, vilionekana kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa walio chini havikubadilika. Walipopewa kokeini, walio chini walijidunga kwa uhakika, na kwa mabwana dawa ile haikuwa na mvuto wa maana.

Wote ishirini walikuwa katika kundi. Hakuna aliyekuwa mpweke. Kundi lenyewe ndilo lililokuwa kinga kwa mmoja na mzigo kwa mwingine, na tofauti ilikuwa ni mahali mtu alipowekwa ndani yake. Klaus Miczek, wa Chuo Kikuu cha Tufts, amefanya kazi ya miaka mingi juu ya panya anayeingizwa katika himaya ya dume mkubwa akapigwa na kushindwa, na katika utafiti wake na Jennifer Tidey wa mwaka 1997 panya waliopitia kushindwa huko walijifunza kujidunga kokeini upesi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo anayesema kwamba sisi tumesalimika kwa sababu tunaishi kijamaa hajajibu swali lililo muhimu: huyo kijana, ndani ya ujamaa huo, ni nani? Nimekaa katika mabaraza ambako mtu wa miaka thelathini na zaidi hutumwa sigara kama mtoto, huitwa kwa jina la mzaha alilopewa siku alipokamatwa na kete, na akitoa rai juu ya mpira watu hucheka kabla hajamaliza. Huyo ana watu wengi. Angekuwa na wachache wanaomsikiliza, pengine ingekuwa bora.

Upande wa pili wa hoja yangu ni mlango. Mwaka 2007 kundi la Serge Ahmed, pia la Bordeaux, liliwapa panya uchaguzi kati ya wenzo wa kokeini na wenzo wa maji yaliyotiwa sakarini, utamu usio na lishe yoyote. Asilimia 94 walichagua utamu. Wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kokeini na wakahama. Takwimu hii iliwashtua watu waliokuwa wakiamini kwamba kokeini haina mpinzani, ilhali miaka yote panya hawakuwahi kupewa mpinzani wa kuchagua.

Lakini utamu si maisha. Lililonigusa zaidi ni jaribio la Marco Venniro, Yavin Shaham na wenzao, la Baltimore, lililochapishwa mwaka 2018. Panya aliyekwisha kuizoea methamfetamini aliwekewa nyenzo mbili: moja ilileta dawa, na nyingine ilifungua mlango mdogo ambao nyuma yake alikuwapo panya mwenziwe wa kucheza naye kwa muda mfupi. Karibu kila mara alichagua mlango. Hata wale ambao kwa vipimo vya maabara walihesabiwa kuwa waraibu walichagua mlango. Heroini nayo ilishindwa na mlango huo huo.

Wanaosimulia utafiti huu kwa kawaida huishia hapo, na mimi naona sehemu inayofuata ndiyo yenye faida zaidi kwetu. Watafiti waliuchelewesha mlango: panya akibonyeza, mwenziwe haji mara moja, anasubiri. Kisha katika jaribio jingine wakaufanya mlango uwe na adhabu: panya akiufungua, mara nyingine anapigwa shoti. Mlango ulipochelewa vya kutosha, au ulipokuwa na adhabu ya kutosha, panya walirudi kwenye dawa. Mwenziwe alikuwa bado yupo palepale. Kilichobadilika ni gharama ya kumfikia.

Hapa sihitaji kutafuta mifano mbali. Kijana anayetoka soba hausi akaenda msikitini, akaona mtu aliye kando yake anahamisha viatu vyake, amefungua mlango wenye shoti. Anayeambiwa na fundi wa gereji, "Wewe rudi baada ya Ramadhani tutazame," amefungua mlango unaochelewa. Sisemi fundi amekosea, kwa kuwa naye ameshaibiwa spana na ana haki ya kuhofu. Nasema kwamba dawa haichelewi. Kete inapatikana kwa dakika chache, na muuzaji hamwulizi mtu historia yake.

Kuna jambo la mahali, ambalo limechunguzwa zaidi kuliko mengine yote na ambalo waraibu wenyewe wanalijua kabla ya wanasayansi. Abraham Wikler, aliyefanya kazi Lexington, Kentucky, katika hospitali ya waraibu, aliona kwamba watu waliokwisha kusafishika miezi mingi walianza kupiga miayo, kutokwa na machozi na kuumwa tumbo wakizungumza tu habari za dawa, na mwaka 1967 alichapisha na Frank Pescor majaribio ya panya yaliyoonesha kwamba dalili za arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, zinaweza kufungamanishwa na mahali. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyemaliza muda wake katika nyumba moja ya shamba na akarudi mjini akiwa amenenepa na uso umemng'aa, aliniambia mambo hayo hayo bila ya kumsikia Wikler. "Ami, mimi kule shamba nilikuwa siukumbuki unga kabisa. Sasa nikifika pale kwenye ule ukuta wa kichochoroni, tumbo linanikata palepale, na pua inanitoka." Njia ya kwenda kwao inapita kwenye ukuta huo, na nyumba haina mlango wa upande mwingine.

Utafiti wa Marcello Solinas na wenzake wa Poitiers, Ufaransa, unakwenda sambamba na habari ya kijana huyu kwa namna inayokosesha raha. Mwaka 2008 walionesha kwamba panya wadogo waliozoeshwa kokeini, wakiwekwa kwa siku 30 katika makazi mapana yenye magurudumu, vijumba na vitu vipya vya kuchezea, waliacha kuonesha dalili za kuvutwa na dawa. Hii ilikuwa habari njema, kwani ilimaanisha kwamba mazingira hayakingi tu, bali yanaweza pia kurekebisha kilichokwisha kuharibika. Kisha mwaka 2012 maabara hiyo hiyo ikachapisha utafiti wa upande wa pili: panya waliolelewa katika makazi mapana na kisha wakahamishiwa katika vizimba vya kawaida hawakubaki na kinga yao. Kinga iliondoka, mvuto wa kokeini kwao ukaongezeka, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na msongo zikaonekana kuchangamka. Kupata na kunyang'anywa kulikuwa na madhara yake yenyewe.

Soba hausi zetu, nyingi zikiwa zimeanzishwa na waraibu waliopata nafuu, zimefanya kazi ambayo hakuna mwengine aliyekuwa tayari kuifanya tangu ya kwanza ilipofunguliwa Zanzibar mwaka 2009, na siandiki haya kuzibeza. Ndani yake kuna ratiba, kuna wenzako wanaokuelewa, kuna sala, kuna zamu ya kupika na ya kufagia, na muhimu zaidi kuna cheo: aliyekaa muda mrefu humwongoza aliyeingia jana. Kwa lugha ya kima wa Wake Forest, aliyekuwa wa chini kabisa mtaani huko ndani anapanda. Kisha muda unamalizika, ada inamalizika, na anarudishwa kwenye ukuta ule ule, cheo kile kile cha mzaha na mlango ule ule wenye shoti. Tunapomwona amerudia tunasema hana nia. Mimi kwa kusoma habari za Poitiers nimeanza kuamini kwamba muda wa kukaa ndani tumeushughulikia sana, na siku ya kutoka tumeiacha iwe ya begi na dua.

Kuna wanaoipinga hoja ya namna hii, na pingamizi lao lina uzito. La kwanza ni kwamba mtu si panya, na hilo halina ubishi. Panya hana aibu ya kumwibia mama yake, hana toba, hana ndoa iliyovunjika. Hata hivyo ushahidi wa watu upo. Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, ambao karibu mmoja kati ya watano wao alikuwa ameshakuwa mraibu akiwa huko, na akakuta kwamba katika mwaka wa kwanza nyumbani ni asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia uraibu. Walihama nchi, kazi, marafiki na muuzaji kwa pamoja. Wetu hahami hata kichochoro.

Pingamizi la pili linanishughulisha zaidi, nalo ni kwamba si wote wanaookolewa na mazingira. Katika jaribio la Ahmed kulikuwa na asilimia 6 walioshikilia kokeini na utamu ukiwa mbele yao. Véronique Deroche-Gamonet na Piazza waliripoti mwaka 2004 kwamba, kati ya panya waliojidunga kwa takriban miezi mitatu katika mazingira yaliyo sawa, asilimia 17 walionesha dalili zote tatu za uraibu walizokuwa wakizitafuta: hawawezi kuacha kutafuta, wanafanya juhudi isiyo ya kawaida kuipata, na wanaendelea hata wakiadhibiwa. Mwili una kauli yake. Kwa hiyo kliniki ya Kidongo Chekundu ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, iliyoanza mwaka 2015, haiwezi kubadilishwa kwa bustani na mpira wa miguu, na mtu anayekunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi asiambiwe kwamba bado ni mlevi na angepata marafiki angepona. Kisa cha WhatsApp kinafanya madhara hasa hapa, kwa kuwa kinampa jamaa wa mgonjwa sababu ya kumtoa katika tiba.

Na ugavi hauwezi kusahauliwa. Katika majaribio yote niliyoyataja dawa iliwekwa na mtafiti. Hakuna panya aliyeitumia isiyokuwapo. Visiwa vyenye bandari, majahazi na fukwe zisizo na ulinzi vina kazi yao na mamlaka zina kazi yao, na makala hii haiziondolei wajibu huo.

Limebaki jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Shepard Siegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwazoesha panya heroini kwa kuwadunga mara kwa mara katika chumba kimoja, dozi ikipanda polepole, na kisha wakawapa dozi kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982. Panya ambao hawakuwahi kuzoeshwa walikufa asilimia 96. Waliozoeshwa na kupewa dozi kubwa katika chumba walichokizoea walikufa asilimia 32. Waliozoeshwa vile vile, kwa kiasi kile kile, lakini wakadungwa dozi kubwa katika chumba kigeni, walikufa asilimia 64. Mwili ulikuwa umejifunza kujihami mahali fulani, kwa ishara fulani, na mahali palipobadilika ulinzi ukawa nusu.

Kwa anayetoka soba hausi au gerezani hatari ni mbili: mwili wake umepoteza ule uzoefu wa zamani kwa sababu amekaa muda bila ya dawa, na akirudia huenda akafanya hivyo kwa siri mahali asipopazoea, chooni kwa jamaa au katika jengo bovu, peke yake, kwa dozi anayoikumbuka yeye na ambayo mwili umeshaisahau. Hili aambiwe waziwazi siku ya kutoka, na waambiwe pia anaokwenda kukaa nao, hata kama kulitamka kunaonekana kama kumtabiria mabaya. Waelezwe dalili zenyewe: pumzi zinazokwenda polepole na kwa mapengo, midomo inayogeuka rangi, mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, mtu anayekoroma na akiitwa haamki. Waelezwe kwamba alazwe ubavu, asiachwe peke yake, asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa, na apelekwe hospitali mara moja bila ya kungojea wazee wakubaliane nani atakayemshika mkono mpaka kwenye gari.